Muuza bunduki naye ni mchunga

 

Ndugu Waislamu, mada ya Ijumaa ya leo hatukuichagua sisi, bali tuliletewa. Mwaka jana wakati wa masika tulikuwa Tukuyu kwa ajili ya harusi ya jamaa yetu, na baada ya swala ya Ijumaa tulikaa barazani mwa msikiti tukingoja mvua ipungue. Mwenye kuijua Rungwe anajua kuwa kungoja mvua ipungue huko ni kazi ya mchana kutwa. Wakatujia wanaume wawili, mtu na mdogo wake, waliotoka Ikuti asubuhi ile kwa ajili ya Ijumaa na kwa ajili ya swali. Baba yao alikuwa amefariki wiki tano zilizopita. Mama yao yumo ndani ya eda, hatoki, lakini yeye ndiye aliyewatuma, na ilionekana wazi kuwa mkubwa kati yao hakupenda sana kutumwa.

Marehemu alikuwa mkulima wa migomba na mahindi, mwenye ng'ombe wachache. Miaka mingi nyuma alipata kibali cha kumiliki bunduki ya marisau kwa ajili ya ngedere na nguruwe pori waliokuwa wakimmalizia mahindi. Aliitunza ndani ya sanduku la bati lenye kufuli, chini ya kitanda, pamoja na leseni yake, na ufunguo akauvaa kiunoni hadi siku aliyokufa. Siku ya tatu ya msiba alikuja mtu wa kutoa rambirambi ambaye si wa kijiji kile. Alikaa, akala, akaomba dua na wenzake, na alipokuwa akiaga akamvuta pembeni mtoto mkubwa na kumwambia kuwa amesikia marehemu ameacha bunduki, na kwamba yeye yuko tayari kuinunua kwa fedha taslimu, bila makaratasi wala safari za mjini. Bei aliyoitaja ilikuwa karibu mara mbili ya ile ambayo familia iliambiwa ingepata kwa muuzaji mwenye leseni.

"Ustadhi," akatuuliza yule mkubwa, "bunduki hii si mali ya marehemu kama ng'ombe wake na shamba lake? Ana deni la mabati, na wadogo zetu wawili wako sekondari. Kuna ubaya gani kumuuzia anayetoa bei nzuri?"

Nasi tukamuuliza: "Mtu huyo unamjua?"

Akasema: "Namjua sura."

Tunaomba msomaji alizingatie jibu hilo, kwani sehemu kubwa ya haya tutakayoyaandika ni maelezo ya kwa nini jibu hilo halitoshi, na kwa nini yuko mtu ambaye kazi yake halali, anayolipia leseni na kukaguliwa kwa ajili yake, ni kutoridhika na jibu kama hilo.

Uislamu haukuichukia silaha kwa kuwa ni silaha. Katika Suratul Hadid Mwenyezi Mungu ametaja kuwa ameteremsha chuma, na akaeleza kuwa ndani yake mna nguvu kali na mna manufaa kwa watu. Nabii Daudi (A.S.) alifundishwa kutengeneza deraya za chuma, na Qur'ani ikataja kuwa aliamrishwa kuzipima barabara pete zake. Fundi wa zana za vita, hata akiwa Mtume, anaagizwa kipimo.

Na tukienda katika mwenendo wa Mtume wetu (S.A.W.) tutakuta kuwa kila mahali silaha inapotajwa pamoja na watu wa kawaida, kwa maana ya wasiokuwa vitani, mafunzo yake yanahusu mkono: silaha inakamatwaje, inapewa nani, kwa namna gani. Ameamrisha, kama alivyopokea Abu Musa katika Bukhari na Muslim, kuwa mwenye kupita msikitini au sokoni akiwa na mishale azishike ncha zake kwa kiganja asije akamdhuru mtu. Amekataza mtu kumwelekezea ndugu yake silaha, hata kwa mzaha, kwani hajui huenda shetani akauvuta mkono wake. Na katika hadithi ya Jabir iliyomo kwa Abu Daudi na Tirmidhi, amekataza watu kupeana upanga ukiwa nje ya ala. Hebu tuitazame hadithi hii ya mwisho kwa makini. Wanaopeana upanga hapa si maadui, huenda wakawa mtu na rafiki yake, au mtu na mwanawe. Hakuna nia mbaya. Hata hivyo kile kitendo cha silaha kutoka mkono huu kwenda mkono ule kimewekewa sharti. Ikiwa kuupokeza tu upanga kuna adabu zake, basi kuuza bunduki, ambayo haina ncha ya kushikwa wala ala ya kurudishiwa na ambayo huua kutoka mbali, kunastahiki adabu kubwa zaidi.

Maimamu wetu waliliona hilo mapema. Imamu Bukhari katika kitabu chake cha Sahihi, sehemu ya biashara, ameweka mlango mahususi juu ya kuuza silaha wakati wa fitina na wakati usio wa fitina. Amenukuu hapo kuwa sahaba Imran bin Husayn (R.A.), aliyeishi Basra na kufariki mwaka 52 Hijria, alichukia silaha kuuzwa wakati wa fitina. Kisha akaleta hadithi ya Abu Qatada (R.A.), aliyepewa deraya katika mwaka wa vita vya Hunayn, akaiuza, na kwa thamani yake akanunua bustani katika mtaa wa Banu Salima, ikawa ndiyo mali ya kwanza aliyoichuma tangu kusilimu. Na mlango unaofuata mara baada ya huo ni ule wa muuza manukato, wenye hadithi mashuhuri ya rafiki mwema anayefanana na mwenye miski na rafiki mwovu anayefanana na mvukuta wa mhunzi. Hatudai kuwa Imamu aliipanga milango hiyo miwili kwa kusudi la kutufundisha jambo, lakini msomaji anayetoka katika mlango wa silaha na kuingia katika ule wa pili hawezi kukosa kuwaza juu ya mfanyabiashara na kile anachokiacha kwa jirani zake.

Tulipoitaja bustani ya Abu Qatada yule mkubwa alitabasamu, akidhani amepata fatwa. Ni kweli kuwa hadithi ile inathibitisha kuwa zana ya vita ni mali, inauzika, na thamani yake yaweza kugeuka migomba. Lakini Ibn Hajar, katika sherehe yake ya Sahihi, ameeleza kuwa sababu ya makuruhu aliyoisema Imran ni kwamba kuuza wakati huo ni kumsaidia mnunuzi katika lile analolifanya. Basi swali limeondoka kwenye chuma likahamia kwa mnunuzi. Na hapa ndipo wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea kwetu pwani na bara, walipoweka mauzo ya silaha kwa mnyang'anyi katika fungu moja na mauzo ya zabibu kwa mkamuaji wa ulevi. Muuzaji akijua, au akiwa na dhana yenye nguvu, kuwa mnunuzi ataitumia kwa dhulma, kumuuzia ni haramu. Akiwa na shaka tu, ni makuruhu. Wenzetu wa madhehebu ya Imamu Ahmad wamekwenda mbali zaidi wakasema kuwa mauzo yenyewe ni batili. Msingi wa yote ni ile amri iliyomo katika aya ya pili ya Suratul Maida, ya kusaidiana katika wema na uchamungu na kutosaidiana katika dhambi na uadui.

Sasa tuulize: mtu anayekuja siku ya tatu ya msiba, hajulikani jina, anataka bunduki, hataki karatasi, na analipa mara mbili, je, hali yake inaleta shaka tu, au inaleta dhana yenye nguvu? Sisi tuliona kuwa ile nyongeza ya bei yenyewe ni ushahidi. Hakuna anayelipa zaidi ili kununua kutojulikana isipokuwa anakuhitaji kutojulikana.

Na asidhani mtu kuwa habari hizi za fitina ni za Basra na Kufa peke yake. Ukitoka Tukuyu ukateremka Kyela na kuvuka mto Songwe, unaingia Karonga katika nchi ya Malawi ya leo. Katika miaka ya 1880 aliishi huko mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyeitwa Mlozi bin Kazbadema, mtu wa kwetu kwa lugha na kwa dini. Mwezi Oktoba 1887 watu wake wenye bunduki waliwashambulia Wangonde, ambao ni ndugu wa damu wa Wanyakyusa, kandokando ya ziwa mahali paitwapo Kambwe, wakawaua kwa risasi na kwa moto wa mafunjo, na wengine wakaliwa na mamba majini walipokuwa wakijificha. Vita vilivyofuata kati yake na kampuni ya Waskoti iliyokuwa ikifanya biashara ziwani vilidumu hadi mwaka 1889, na mambo hayakuisha mpaka Desemba 1895 Waingereza walipomkamata Mlozi na kumnyonga. Tunalitaja jambo hili kwa sababu wazee wa upande ule bado wanalo katika simulizi zao, na kwa sababu Mwislamu hana ruhusa ya kuificha dhulma kwa kuwa aliyeitenda alikuwa akiswali.

Bunduki zile zilitoka wapi? Zilitoka katika viwanda vya Ulaya, nyingi zikiwa bunduki kuukuu zilizoachwa na majeshi ya huko baada ya kupata mpya, zikashushwa Zanzibar na bandari nyingine za mwambao, na kutoka hapo zikapanda bara kwa misafara. Balozi wa Uingereza mjini Zanzibar alikadiria mwaka 1888 kuwa zilizokuwa zikiingia zilifika kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka. Aliyeuza Zanzibar hakumwona Mngonde. Aliandika hesabu yake, akafunga duka, akaenda msikitini au kanisani au hekaluni kwa kadiri ya dini yake, na mikono yake ilikuwa safi kwa macho ya jirani zake.

Ni baada ya hayo ndipo mataifa yaliyokutana Brussels yakatia saini mkataba wa tarehe 2 Julai 1890, na pamoja na habari ya utumwa yakazuia uingizaji wa bunduki katika sehemu kubwa ya Afrika. Bunduki zilizoruhusiwa zilipasa kuwekwa katika maghala ya serikali, kutiwa alama na kutolewa kwa kibali. Bila shaka wakoloni walikuwa na maslahi yao katika jambo hilo, kwani aliyenyang'anywa baruti hawezi kupigania nchi yake, na wazee wa Maji Maji walikuja kulijua hilo kwa uchungu. Lakini ule utaratibu wa ghala, alama, kibali na muuzaji anayejulikana ndio mzazi wa huu tulio nao leo. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, ikiwemo Tanzania, imerudia mambo hayo hayo: silaha ziwe na alama, ziandikwe, na wauzaji na madalali wake wadhibitiwe.

Hapa nchini jambo hili linaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Anayetaka bunduki huanzia kwa uongozi wa kijiji au mtaa wake, kwa majirani wanaojua kama anampiga mkewe au kama akilewa hupiga kelele usiku. Maombi hupita katika kamati za ulinzi na usalama na kwa polisi wa wilaya na mkoa hadi kwa msajili wa silaha. Muuzaji mwenye leseni husimama mwisho kabisa wa njia hii. Wote waliotangulia wameshika kalamu, yeye peke yake ameshika bunduki. Anapaswa kukikagua kibali, kuandika namba ya silaha na jina la aliyeichukua, na kuwa tayari kulifungua daftari lake siku polisi watakapobisha hodi kumuuliza juu ya namba iliyookotwa mahali penye maiti.

Tulipata kuzungumza na mzee mmoja wa Dar es Salaam aliyefanya kazi hiyo kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Hakutaka tumtaje, na tunaheshimu ombi lake. Alitueleza kuwa karatasi ni nusu tu ya kazi. Kuna anayekuja na kibali kamili akifuatana na mwenzake, na mwenye kibali amesimama kimya huku mwenzake ndiye anayechagua bunduki, anayeipima begani na anayetoa fedha. "Hapo," alisema, "najua ninayemuuzia siye ninayemwandika." Kuna anayenunua hali akitetemeka kwa hasira. Mtu mmoja aliyekuwa na leseni halali alikuja kutaka risasi saa ile ile, macho yamemwiva, anataja mpaka wa shamba na jina la ndugu yake. Mzee akamwambia funguo za kabati anazo kijana wake na kijana yuko msibani, arudi Jumatatu. Funguo zilikuwa mfukoni mwake. Alituuliza kama ule ulikuwa uongo wenye dhambi. Tukamkumbusha kuwa hadithi zimeruhusu maneno ya namna hiyo kwa ajili ya kusuluhisha baina ya watu, na tukamwambia tunatumaini kuwa lake linaingia humo. Yule mtu hakurudi Jumatatu. Alirudi baada ya miezi kadhaa, kusalimu tu.

Katika kisa hiki sheria haikuvunjwa na upande wowote. Leseni ilikuwepo, duka lilikuwa halali, na kama mzee angeuza, hakuna hakimu ambaye angemtia hatiani. Kilichozuia ni uchunga. Mtume (S.A.W.) ametuambia kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga, na sisi tumezoea kuitumia hadithi hiyo kwa baba, mama na kiongozi. Mwenye duka la silaha naye ana kundi lake, nalo ni wale wote wasiomjua ambao bunduki iliyotoka mkononi mwake inaweza kuwafikia.

Wenzetu wa Marekani, nchi yenye bunduki nyingi mikononi mwa raia kuliko nchi nyingine yoyote duniani, wamelipima jambo hili kwa hesabu. Taarifa ya serikali yao iliyotolewa mwaka 2000 ilionyesha kuwa bunduki za uhalifu zilipofuatiliwa hadi katika duka zilikouzwa mara ya kwanza, zaidi ya nusu, yaani kiasi cha asilimia 57, zilirudi kwa asilimia 1 hivi tu ya wauzaji wenye leseni. Maana yake ni kwamba leseni ukutani haimfanyi muuzaji kuwa mwaminifu, na pia kwamba wengi wao hawahusiki. Katika mji wa Milwaukee kulikuwa na duka moja lililotajwa hadharani kuwa ndilo chanzo kikubwa cha bunduki hizo. Mwezi Mei 1999 mwenye duka akaamua, bila ya kushurutishwa na sheria mpya, kuacha kuuza bastola ndogo za bei rahisi zilizopendwa na wahalifu. Watafiti waliofuatilia wakakuta kuwa bunduki mpya zilizokuwa zikiwafikia wahalifu wa mji ule zilipungua kwa asilimia 44. Ni duka moja, na uamuzi wa mtu mmoja.

Na huko New Hampshire mwaka 2009, watu watatu wasiojuana walinunua bunduki katika duka moja katika muda usiozidi wiki, na kila mmoja akajiua kwa silaha hiyo saa chache baadaye. Mwenye duka alipoelezwa alifadhaika, akarudia kumbukumbu zake akijiuliza ni alama gani hakuiona. Badala ya kujificha nyuma ya sheria, ambayo haikumlaumu, alikaa na waganga na wenye maduka wenzake, wakatengeneza mabango na vijikaratasi vya kuwafundisha wauzaji namna ya kumtambua mteja aliyekata tamaa, na kuzifundisha familia kumwondolea silaha mtu wao aliye katika dhiki. Watu hawa si Waislamu, na hawakuisoma hadithi ya upanga na ala. Sisi tuliyoisoma tunapaswa kuona haya kidogo.

Atasema msemaji: lakini kwetu mauaji mengi hayafanywi kwa bunduki za dukani. Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Kuna gobore zinazotengenezwa vijijini na mafundi chuma, kwa bomba na ubao, ambazo hazina namba wala daftari, na hizi ndizo huwinda kwa magendo na kuvizia njiani. Kuna silaha zilizovuka mipaka kutoka katika vita vya majirani zetu. Serikali imewahi kutoa msamaha kwa wanaozisalimisha kwa hiari, kama ilivyofanya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 31 mwaka 2022, sambamba na uamuzi wa Umoja wa Afrika wa kuufanya Septemba kuwa mwezi wa msamaha wa silaha. Muuzaji mwenye leseni hawezi kulizuia gobore la usiku. Lakini fundi anayelifua naye ni muuzaji, na hukumu ya zabibu na mkamuaji inamfuata hadi kwenye mvukuta wake, tena yeye hana hata karatasi ya kumtetea. Na iko njia ya tatu ambayo watu huisahau, nayo ndiyo iliyotuleta barazani Tukuyu: bunduki halali inayogeuka haramu ndani ya nyumba ya msiba. Iliingia kwa kibali, ikaandikwa, ikakaa miaka mingi bila kumdhuru mtu, halafu mwenyewe akafa, na watoto wake wakawa wauzaji wa silaha bila kujijua.

Tuliwaeleza wale ndugu kwamba leseni ni ya mtu, si ya nyumba, na ilikufa na baba yao. Hairithiwi na mtoto wa kwanza kwa kuwa ni wa kwanza, iwe kwa mila ya Kinyakyusa au kwa nyingine yoyote. Thamani ya bunduki ndiyo inayoingia katika mirathi, na inagawanywa baada ya deni na wasia kama ng'ombe na migomba inavyogawanywa: mama yao ana thumni yake, na wao na dada zao wana mafungu yao. Kwa maana hiyo, hata kama yule mgeni angekuwa walii, mtoto mkubwa peke yake hakuwa na haki ya kumuuzia mali ya watu ambao hawakukubali. Njia iliyobaki ni moja: kuitoa taarifa kituo cha polisi, kuikabidhi pamoja na leseni ya marehemu, kuteua msimamizi wa mirathi katika Mahakama ya Mwanzo, na kwa idhini ya wenye mamlaka kuiuza kwa mwenye leseni au kwa mtu aliyepata kibali.

"Na hasara ya bei?" akauliza mkubwa. Hatukumficha kuwa ni hasara kweli. Familia yenye deni la mabati na ada za shule haiambiwi kuwa fedha si kitu. Tulimwambia tu kuwa ile nusu ya pili ya bei si thamani ya bunduki ya baba yake. Ni malipo ya kunyamaza kwake, na yule mtu alikuwa akimtaka auze vitu viwili kwa mkupuo mmoja. Mdogo wake, ambaye muda wote hakusema neno, akasema kwa sauti ya chini kuwa mama anasema hivyo hivyo, ila hakujua kulisema kwa kitabu. Tangu siku ile ya msiba mama yao halali vizuri. Anawaza kuwa siku moja ataamshwa na habari ya mtu aliyepigwa risasi njiani kati ya Ikuti na Tukuyu, naye atakaa kitandani akihesabu kama ni ile iliyokuwa chini yake.

Mvua haikupungua. Wakaondoka nayo hivyo hivyo.

Habari zilizotufikia baadaye kupitia kwa jamaa yetu ni kwamba Jumatatu iliyofuata bunduki ilipelekwa polisi Tukuyu, wakapewa hati ya kuipokea. Yule mgeni alirudi Ikuti mara mbili kuuliza, kisha hakuonekana tena. Deni la mabati lililipwa kwa kuuza miti ya mikaratusi iliyokuwa pembezoni mwa shamba, na miezi kadhaa ikapita kabla ya mirathi kukamilika na mnunuzi mwenye kibali kupatikana, kwa bei ile ndogo. Mama, baada ya kutoka eda, alituma salamu na neno la shukrani kwa lugha ya kwao, ndaga fijo. Na lile sanduku la bati, akasema mleta salamu, liko pale pale chini ya kitanda, ila sasa anawekea mbegu za mahindi, na halina kufuli.

Wabillahi tawfiq.